Hapa Hatumezi

Faith, wewe na wenzako wa chumba cha kuonja chai mliniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa, nisije nikaenda nayo nyumbani kama mtu aliyeondoka na kijiko cha kiwanda mfukoni. Basi nimekaa hapa kwangu Kiptere, karatasi magotini, mvua inapiga mabati, na bibi yangu anauliza kama siku hizi nimekuwa karani. Shule niliiacha darasa la nne. Mkiona sentensi imepotea njia, ingojeni, itarudi jioni na ng'ombe wengine.

Cheo sitaandika kwa sababu sikuwa nacho. Mshahara sitaandika kwa sababu mnaujua. Nitaandika juu ya maji, juu ya mzee mmoja anayeitwa Arap Sigei, na juu ya ile glasi ndogo iliyo peke yake kabatini, mnayoiosha kila Ijumaa na hamjui kwa nini. Juzi mliniuliza swali lingine pia, siku redio iliposema kwamba wakubwa wetu na wakubwa wa ile nchi wameanza tena kurushiana maneno. Ukasema, Faith, "Mzee Nyakundi, kwani hawa wasee tuliwakosea nini?" Nikafungua mdomo nijibu, kengele ya chakula ikalia, mkakimbia. Hamkurudi na swali. Nimerudi nalo mimi.

Siku yangu ya kwanza nililetwa na mjomba, aliyekuwa akichuma chai kwenye mashamba makubwa. Nilikuwa kijana kutoka upande wa Kisii, viatu vya kuazima, tumbo tupu. Arap Sigei alikuwa amesimama mbele ya ile meza ndefu, vikombe vimepangwa kama watoto wa paredi. Hakusalimia.

"Wewe ni wa wapi?"

"Upande wa Kisii, mzee."

"Kumbe! Babu yako ndiye aliiba ng'ombe ya babu yangu."

Mjomba akaanza kutafuta mlango kwa macho. Mimi sijui nilipata wapi mdomo. Nikasema, "Hapana, mzee. Babu yangu alikuwa anarudisha zake."

Aliniangalia. Halafu akacheka mpaka akashika meza, vikombe vikalia. "Ukoo mzima wa warudishaji! Haya, Mrudishaji, chukua kitambaa." Tangu siku hiyo hakuniita Nyakundi tena. Hata kanisani, wakati wa kupeana amani, alisema, "Amani kwako, Mrudishaji, na ng'ombe wako wapi leo?"

Ni mchezo tu, lakini niliufikiria sana baadaye. Wale ng'ombe waliisha zamani. Waliliwa, ngozi zao zikalaliwa mpaka zikachanika, na waliowaiba na walioibiwa wote wako chini ya udongo. Lakini kila baada ya miaka fulani, kule mpakani mwa Wakisii na Wakipsigis, kijana ambaye hajawahi kuchunga hata mbuzi anachukua mshale kwa ajili yao. Ng'ombe walikufa, hasira yao bado inachungwa. Arap Sigei alichagua kuichunga kwa kucheka. Sijaona mchungaji mwingine kama yeye.

Sasa maji. Andikeni ukutani kama mnataka. Maji ya kuonjea chai huchemshwa mara moja, yakitokota hapo hapo yanamwagwa kwenye majani. Yakipoa ukayarudisha motoni, yamekufa, na chai itakayotoka ni maiti yenye rangi nzuri. Siku moja nilirudisha birika motoni nikidhani hakuna aliyeona. Arap Sigei alionja kikombe kimoja, akatema, akasema bila kugeuka, "Mrudishaji, maji hayarudishwi." Nikamwaga yote.

Jambo la pili nilijifunza siku ile ile ya kwanza. Alinipa bakuli la chai nionje. Nilikuwa sijala tangu jana, nikainywa yote mpaka chini. Akanionyesha debe la kutemea.

"Hapa hatumezi."

"Kwa nini, mzee? Si ni chakula?"

"Mtu akimeza, amekubali. Sisi hapa bado tunauliza."

Mimi nilidhani anataka tu kuniokoa nisikojoe mchana kutwa. Na hiyo pia ni sababu, msiidharau. Lakini neno hilo lilikaa ndani yangu kama mbegu ya parachichi, kubwa na haina kazi, mpaka siku yake ilipofika.

Huyo mzee, acheni nimsifu kidogo, maana wengine hamkumkuta kazini. Alikuwa akivuta chai kwa kijiko na kelele ya trekta, macho yamefungwa, halafu anasema, "Haya majani yalikaa kwenye gunia yakapata joto. Mwambieni dereva wa upande wa bondeni asisimame kwa harusi." Na kweli dereva alikuwa amesimama kwa harusi. Hakumchongea mtu kwa meneja hata siku moja. Alikuwa akimtumia dereva ile bakuli yenyewe, mtu aonje kosa lake. Dereva akishaonja, hasimami tena.

Sasa wanunuzi. Walikuja watu wa kila rangi, na kila mmoja na mdomo wake. Wengine wanataka chai nyepesi, wengine wanataka rangi ya dhahabu. Lakini ile chai yetu nzito, ile ya unga inayotoka kwenye vilima hivi na kushika ulimi kama mtu anayekudai, hiyo ilikuwa na mpenzi mmoja tu. Nchi hiyo sitaitaja. Wana ubalozi Nairobi na mimi ni mzee, sitaki barua. Sisi tuliwaita watu wa glasi, kwa sababu hawanywi kwa kikombe. Wanakunywa kwa glasi ndogo yenye kiuno, bila maziwa, kipande cha sukari kimeshikwa kwa meno. Mnunuzi wao alikuwa mtu mmoja wa masharubu, aliyekaa Mombasa siku nyingi akajua Kiswahili. Alikuwa anakuja mwenyewe, hatumi mtu. Yeye na Arap Sigei wakikutana walionja pamoja asubuhi nzima bila maneno, kama ng'ombe wawili kwenye chumvi. Chai yetu nyingi ilienda kwake.

Halafu yakatokea yaliyotokea. Nisikilizeni vizuri hapa.

Nchi ya watu wa glasi iligombana na jirani yake juu ya ardhi kando ya mto. Ugomvi wa mbali, sisi haukutuhusu kabisa. Lakini yule jirani alikuwa tajiri zaidi, na alikuwa ameahidi wakubwa wetu wa siku zile barabara. Basi wakubwa wetu wakasimama haraka haraka, wakasema mwenye haki ni jirani. Hawakuuliza. Hawakuonja kwanza, wakameza. Barabara yenyewe mkiiona mahali, njooni mnionyeshe.

Wakati huo huo balozi wa watu wa glasi akaja kuzuru kiwanda, labda atulize mambo. Alikuja na yule mnunuzi wa masharubu. Na upande wetu akaja bwana mkubwa mmoja aliyezaliwa huku Bomet, nitamwita Mheshimiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alileta maji ya bomba, alijenga shule, watu wanampenda mpaka leo. Lakini alikuwa ametumwa, na wapiga picha walikuwa wengi.

Kulikuwa na meza nje, kwenye nyasi mbele ya ofisi. Balozi akavua koti, akapika chai kwa mkono wake mwenyewe, chai yetu, kwa birika lake na glasi alizobeba kutoka kwao. Kwao hiyo ni heshima kubwa, mtu mkubwa kukupikia. Akamimina, akampa Mheshimiwa kwa mikono miwili.

Nyinyi ni watoto wa huku, sihitaji kuwaeleza, lakini wacha nieleze kwa yule atakayesoma akitoka mbali. Kwetu mgeni anapewa chai ya maziwa, nzito, sukari ya kutosha. Chai bila maziwa ni strungi. Strungi unampa mtu ng'ombe wakiwa wamekauka, na unaomba msamaha ukimpa. Ama unampa mtu ambaye umechoka naye. Huku hakuna anayemfukuza mgeni kwa mdomo. Analetewa strungi, anaelewa, anachukua kofia.

Mheshimiwa aliiangalia ile glasi. Akawaangalia wapiga picha. Akasema kwa sauti, "Strungi? Kwetu hii tunampa mtu tunayetaka aende." Akaimwaga kwenye nyasi, akaiweka glasi hapo chini.

Watu walicheka. Si mnajua kile kicheko cha kumchekea mkubwa, kinaanza nyuma kinakuja mbele. Balozi alifuta mikono kwa kitambaa, akavaa koti, akaenda kwa gari. Yule wa masharubu alibaki kidogo. Aliiangalia glasi, akamwangalia Arap Sigei, akafuata gari.

Arap Sigei aliinama akaiokota. "Ameimwaga kwenye nyasi," akaniambia polepole. "Hata mahali pa kumwaga hakuchagua." Kwa Wakipsigis, nyasi mbichi ndiyo amani. Mtu aliyekukosea akija ameshika nyasi mkononi, huwezi kumpiga, lazima umsikilize. Basi alisimama pale akitikisa kichwa, glasi mkononi kama mtu aliyeokota kifaranga. Tukaiweka kabatini.

"Tutaiosha kila Ijumaa," akasema.

"Na nani atakunywa nayo, mzee?"

"Chombo cha mgeni hakitupwi. Atarudi yeye, ama atarudi mtoto wake."

Watu wa glasi waliacha kununua. Kwanza walisema chai ina unyevu. Halafu karatasi za meli haziko sawa. Halafu sheria mpya, halafu nyingine. Wakubwa wetu nao wakawajibu kwa kukataa vitu vyao, na wao wakajibu, na sisi tukajibu. Wakubwa walibadilika, wakaja wengine ambao hawakuwa hata wamezaliwa vizuri siku ile ya nyasi, na wote walikuta ugomvi umekaa ofisini kama kiti. Hawakuuliza nani alikileta. Walikikalia. Mti wa chai ukiukata mpaka magotini haufi, unachipua majani mazuri zaidi. Ndivyo walivyofanya. Kila mmoja alikata juu akaenda kusema redioni ameutengeneza. Mzizi hawakuugusa.

Na huku nyumbani? Ile chai nzito ilikosa mdomo. Stoo ilijaa mpaka magunia yakapangwa kwenye njia. Kiwanda kikaanza kukataa majani. Mwisho tukaambiwa mambo yakiendelea hivi, kiwanda kitafungwa, wakulima watafute cha kufanya. Niliona akina mama pale kituoni wakimwaga majani waliyochuma tangu asubuhi, kando ya barabara. Ng'ombe hali chai, si mnajua. Alikuja akanusa akaenda zake. Mama mmoja jirani yangu alianza kung'oa miti aliyopandiwa na baba mkwe, analia akiing'oa, na mti wa chai haung'oki kirahisi. Hapo ndipo nilielewa kwamba lile neno lililosemwa kwa sababu ya mto wa mbali limefika shambani kwake na jembe.

Arap Sigei alikuwa amestaafu wakati huo, macho yameingia ukungu, anakaa Sosiot na wajukuu. Nilikuwa nikimtembelea Jumapili baada ya kanisa. Kila mara aliuliza, "Glasi?" Nami nasema, "Imeoshwa, mzee."

Ndipo akaja Madam Cherono.

Huyu ni msichana wa Bomet, alikuwa wizarani Nairobi kwenye mambo ya nchi za nje, amesoma mpaka ng'ambo. Nilidhani atakuwa wa wale wa kutuambia tusogeze viti. Sivyo. Alikuja peke yake kabla ya wengine, akaniambia yule mnunuzi wa masharubu amekubali kurudi siku moja, kuonja tu. Sasa ni mzee, na kwao neno lake ndilo linasikilizwa juu ya chai. Akikubali, watafungua mlango. Akikataa, basi. Wakubwa wake walikuwa wameandaa hotuba ya kufungua ukurasa mpya.

Nikampeleka kwa Arap Sigei. Alisalimia vizuri, akamwita kugo, yaani babu, akakaa kwenye kigoda cha chini, akasikiliza. Mzee akasema, "Ukurasa mpya. Na ule wa zamani mmeusoma?"

"Ndiyo nimekuja unisomee, kugo."

Akamsomea yote, glasi, nyasi, kicheko. Yule msichana aliandika nini? Hakuandika kitu. Alisikiliza ameshika shavu. Mwisho akasema, "Basi serikali iombe msamaha."

"Iombe. Lakini serikali haina ukoo. Kwetu kosa la mtu ni la ukoo wake. Mheshimiwa alikufa. Ako na kijana."

Tulienda Bomet sisi watatu. Kijana mwenyewe alikuwa mzee kama mimi, mwalimu mstaafu, Mwalimu Wesley, mzee wa kanisa, nyumba safi, picha kubwa ya baba ukutani amevaa kofia. Alitupa chai ya maziwa na mkate, akatusikiliza. Halafu akaweka kikombe chini.

"Mnataka nisimame mbele ya wageni nimwite baba yangu mjinga."

"Hapana, Mwalimu," nikasema.

"Wewe Mkisii nyamaza kwanza. Baba alitumwa! Aliambiwa asionekane akicheka na wale watu. Aliporudi Nairobi walimpigia makofi. Mambo yalipoharibika wakasema ni yeye na mdomo wake. Alikufa na hiyo aibu, peke yake. Leo serikali inataka nini kwangu? Nimbebee tena?"

Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lilikuwa gumu.

Arap Sigei akamwuliza taratibu, "Wesley, wewe ni mzee wa kanisa. Nuhu alipolewa akalala uchi, watoto wake walifanya nini?"

"Mzee, usinihubirie nyumbani kwangu."

"Nauliza tu. Mimi sijui kusoma."

Mwalimu akapumua. "Wawili waliingia kinyumenyume na nguo, wakamfunika."

"Walisema hakulewa?"

"Hapana."

"Walimfunika tu. Baba yako amelala vile alivyolala, kila mtu amemwona, na nyinyi wote mnapita mnaangalia kando. Hakuna aliyeleta blanketi."

Mwalimu aliangalia ile picha muda mrefu. Halafu akamgeukia Madam Cherono. "Na nyinyi? Nani aliyemlewesha?"

Msichana akajibu, "Ni sisi, Mwalimu. Ofisi yangu. Nitalisema mbele yao."

"Liko kwenye hotuba yenu?"

"Haliko."

"Watakufukuza kazi."

"Labda."

Mwalimu alicheka kidogo, cheko la mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Haya. Wewe ukifunua, nami nitafunika. Usipofunua, hamtaniona." Akatuongezea chai. Njiani nilimwuliza Madam kama haogopi. Akasema, "Naogopa, mzee. Nina mama wa kulisha." Halafu akanunua mahindi ya kuchoma, akala yote.

Siku ikafika. Nilipanga meza tangu kuingia, kila mgeni na debe lake la kutemea. Nilimleta Arap Sigei, nikamkalisha karibu na dirisha apate joto la jua, maana macho hayakumsaidia tena. Mnunuzi wa masharubu aliingia na fimbo, masharubu meupe kama maziwa. Alimwona Arap Sigei, akasimama kidogo, akainamisha kichwa. Mzee wetu hakuona. Mgeni akaenda mezani.

Mkubwa wa Madam Cherono akasoma hotuba. Ukurasa mpya ulifunguliwa mara nyingi, mpaka nikaogopa kitabu kitachanika. Mwalimu Wesley hakuwepo. Mzee wa masharubu alionja bakuli baada ya bakuli, anavuta, anatema, anavuta, anatema. Akaweka kijiko.

"Chai nzuri," akasema. "Lakini chai nzuri iko sehemu nyingi."

Nikajua tumekwisha. Nikaanza kukusanya madebe nikayamwaga, nikayaosha, nikayafuta, nikayarudisha, kwa sababu mkono wa kazi hauulizi kama kazi imebaki.

Madam Cherono akasimama. Hakuwa ameitwa. "Mzee," akamwambia yule mgeni, "kabla hujaenda. Siku ile mbele ya ofisi, balozi wenu alipotupikia chai ikamwagwa, aliyeimwaga alikuwa ametumwa na ofisi ninayofanyia kazi. Tulichagua upande kwenye ugomvi ambao hatukuuelewa, kwa sababu tulikuwa tumeahidiwa kitu. Halafu tukamwacha yule mtu abebe lawama peke yake. Tuliwakosea nyinyi, na tulimkosea yeye. Nasema pole."

Mkubwa wake alikohoa kama mtu aliyemeza nzi. Mlango wa nyuma ukafunguka. Mwalimu Wesley alikuwa amesimama nje ya mlango wakati wote huo, anangoja kusikia kama neno litasemwa. Alikuwa amevaa suti, na mkononi ameshika nyasi ndefu mbichi, umande bado.

"Mimi ni mtoto wa yule aliyemwaga," akasema. "Hizi nyasi zimetoka nyumbani kwake. Naomba ile glasi."

Nikafungua kabati. Mgeni alipoiona, aliegemeza fimbo yake mezani.

Sasa maji yalikuwa yamepoa. Mkubwa akaninong'oneza, "Pasha tu haraka, mzee." Nikasema hapana, bwana, maji hayarudishwi. Nikamwaga, nikaweka mapya. Basi wakubwa wote wa nchi mbili walisimama kimya wakingoja sufuria. Nadhani ndiyo kazi ngumu zaidi waliyofanya mwaka ule. Kule dirishani nikasikia Arap Sigei akicheka peke yake.

Nikamimina nzito, nyeusi. Mwalimu Wesley akashika glasi kwa mikono miwili, nyasi kwapani. "Baba aliimwaga," akasema. "Mimi nainywa." Akanywa. Mtu wa huku, umri ule, hajawahi kunywa strungi isiyo na sukari hata akiwa mgonjwa. Uso ulikunjamana kama leso. Lakini alienda mpaka chini.

Mzee wa masharubu akamwangalia. "Weka sukari, ndugu yangu," akasema. "Usife hapa, tutaanza ugomvi mwingine."

Hapo watu walicheka, na safari hii kicheko kilianzia mbele. Mgeni akanyoosha mkono, akapokea ile ile glasi kutoka kwa Mwalimu. Akanipa nimjazie. Akatoa kipande cha sukari mfukoni, akakishika kwa meno, akainua.

Mambo mengine mnayajua. Chai ile nzito inaenda tena kwao, si kama zamani, lakini stoo inapumua. Jirani yangu amepanda tena ile miti aliyong'oa. Madam Cherono hakufukuzwa, alihamishwa ofisi yenye dirisha dogo, halafu walipokwama mahali pengine wakamwita tena. Na redio bado inagombana, Faith, kwa sababu mzizi haukuwa mmoja. Mkisikia wameanza, msiseme hawa watu wana kiburi. Ulizeni nani alimwaga nini, na wapi, na kama kuna mtu wa ukoo wake aliye hai.

Lakini nilikuwa nimefika kwenye glasi. Kila mtu alikuwa anaongea kwa wakati mmoja, wanashikana mikono, wapiga picha wanasukumana. Arap Sigei akanivuta shati.

"Mrudishaji. Masikio yangu na hizi kelele. Sikusikia akitema. Ametema?"

Nikaenda mezani, nikainamia debe la mgeni, nikaingiza mkono mpaka chini kabisa, nikapapasa. Nikarudi, nikamwekea kiganja changu kwenye mkono wake, ahisi mwenyewe.

"Pakavu, mzee," nikasema.